Hofu Haijui Hesabu

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya kweli, na pale nitakapoongeza mtu wa kutunga nitawaambia waziwazi. Inaanzia Tsavo, ukitoka hapa Voi kuelekea Nairobi, pale reli inapovuka mto.

Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wakijenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, na walileta maelfu ya vibarua kutoka India. Mwezi wa Machi msimamizi wa daraja la Tsavo, John Henry Patterson, aliwasili kuanza kazi. Haukupita muda, simba wawili wakaanza kuingia kambini usiku. Walikuwa madume, lakini hawakuwa na manyoya marefu shingoni kama simba mnaowaona kwenye vitabu. Walipenya boma la miiba, wakatia vichwa hemani, wakamburuta mtu gizani huku wenzake wakisikia kila kitu. Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi tisa. Mamia ya vibarua walidandia garimoshi wakatoroka, na ujenzi ukasimama. Desemba Patterson akawapiga risasi wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1924 aliziuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, Marekani, na simba hao wako huko hadi leo, wamejazwa na kusimamishwa ili watu wawatazame.

Sasa nijibuni: waliliwa watu wangapi?

Katika kitabu chake cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyewahesabu. Miaka ikapita, akasema walikuwa 135. Hiyo 135 ndiyo iliyopata miguu ikazunguka dunia, kwa sababu inatisha zaidi. Halafu mwaka 2009 wanasayansi wakapima nywele na mifupa ya simba wale wale. Chakula anachokula mnyama huacha alama mwilini mwake, na ukijua kuzisoma alama hizo unaweza kukadiria alikula nini na kiasi gani. Makadirio yao yalikuwa watu wapatao 35.

Nataka mtulie hapo kidogo. Watu 35 ni wengi. Kila mmoja alikuwa na mama yake, na kila mmoja alikufa kifo kibaya. Kushusha hesabu kutoka 135 hadi 35 si kusema kwamba simba hawakuwepo, wala si kuwaambia vibarua wale wacheke na kuimba. Ni kuupa msiba kipimo chake. Nami leo nataka kuwaonyesha jinsi kichwa cha mtu, chako na changu, kinavyochukua 35 na kuifanya 135 karibu kila siku, na jinsi unavyoweza kukifunza kuhesabu upya.

Mbona kichwa kinafanya hivyo? Fikirieni babu zetu wa zamani waliopita nyika hizi kwa miguu. Majani yakitikisika, mmoja anasema ni upepo, mwingine anasema ni simba na kukimbia. Mara nyingi ulikuwa upepo kweli. Lakini siku moja alikuwa simba, na aliyezoea kusema upepo hakurudi nyumbani. Sisi ni watoto wa waliokimbia. Ndiyo maana neno moja baya la mwalimu linakukaa wiki nzima, na maneno kumi mazuri yanasahaulika kabla ya jioni. Kwa hiyo usijidharau ukijikuta na mawazo mabaya. Kichwa chako kinajaribu kukulinda, ila kinakulinda kwa hofu, na hofu haijui hesabu.

Sasa ndipo ninapotunga. Kulikuwa na msichana wa gredi ya saba, mkaazi wa Mwakingali, papa hapa Voi. Jumamosi moja alitumwa sokoni kununua nyanya na sukuma wiki. Akiwa kwenye kibanda cha mboga, akamwona rafiki yake wa chanda na pete akipita hatua tatu tu mbele yake. Akainua mkono. Yule mwenzake akamtazama, akageuza uso, akaenda zake.

Basi. Ni hilo tu lililotokea. Lakini sikilizeni kilichofuata kichwani. Kabla hajarudishiwa chenji: "Amenikasirikia." Alipovuka barabara: "Hanipendi tena." Alipofika nyumbani: "Hakuna anayenipenda pale shuleni." Usiku, malori ya Mombasa yakinguruma huko barabarani na usingizi haupatikani: "Mimi ndivyo nilivyo, sitapata rafiki maishani." Alianza na uso mmoja uliogeuka, akaishia na maisha mazima yaliyoharibika, na katikati hakuna jambo jingine lililotokea hata moja.

Zaidi ya miaka sitini iliyopita, daktari mmoja wa magonjwa ya akili katika mji wa Philadelphia, Marekani, alilitambua jambo hili kwa wagonjwa wake. Aliitwa Aaron Beck. Siku hizo madaktari wengi wa fani yake waliamini kwamba huzuni ya mtu lazima ichimbuliwe katika mambo ya utotoni yaliyofukiwa. Beck naye alifundishwa hivyo. Lakini mgonjwa mmoja, mwanamke, alikuwa akimsimulia habari zake na huku amejaa wasiwasi, na alipoulizwa vizuri ikajulikana kwamba muda wote alikuwa akiwaza, "Namchosha daktari huyu." Wazo lile lilipita haraka, kimya kimya, sambamba na mazungumzo, na hakuna aliyelijua. Beck akaanza kuwauliza wagonjwa wengine. Akakuta nao wana mawazo kama hayo, mafupi, ya ghafla, ambayo mwenyewe huyaamini bila kuyachunguza. Akajenga juu yake njia ya tiba inayotumika leo karibu kila nchi. Aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2021.

Kitu alichowataka wagonjwa wake wafanye ni chepesi kukieleza na kigumu kukizoea. Likamate wazo lile likiwa bado mbichi. Liandike kama lilivyo, bila kulipamba. Kisha uliulize maswali kama hakimu: nina ushahidi gani? Nina ushahidi gani wa kinyume chake? Kuna maelezo mengine? Kama ni rafiki yangu ndiye aliyeniletea wazo hili, ningemwambia nini?

Msichana wetu alichukua daftari. Juu ya ukurasa akaandika: "Hakuna anayenipenda shuleni." Chini yake akajaribu kuweka ushahidi. Akaandika: "Hakunisalimia sokoni." Akakaa na kalamu mkononi akitafuta la pili, halikuja. Upande wa kinyume mkono ukaanza kukimbia: yule wa dawati la nyuma aliyemwazima rula wiki nzima, wale wawili wanaomgojea wakienda kuchota maji, mwalimu wa Kiswahili aliyemwambia asome insha yake mbele ya darasa. Alipotazama tena lile neno "hakuna", alilikata kwa mstari. Akaandika badala yake: "Mtu mmoja hakunisalimia siku moja, na sijui kwa nini."

Hilo la mwisho halina furaha yoyote, mmeona? Hakuandika "Kila mtu ananipenda." Angelijua ni uongo, na kichwa hakidanganyiki kirahisi namna hiyo. Mimi siupendi ule ushauri wa kuwaambia watoto wafikirie mazuri tu. Mtoto ambaye shamba lao limekauka, au mama yake anaumwa, ukimwambia afikirie mazuri unamfanya aone kwamba hata huzuni yake ni kosa. Wazo linalotuliza moyo ni wazo la kweli, lenye kipimo chake.

Lakini kuandika peke yake hakukutosha. Jumatatu msichana yule alizunguka kwa njia ya nyuma kwenda shuleni ili asikutane na rafiki yake. Jumanne vivyo hivyo. Moyo ulipoa kidogo kila alipokwepa, na hapo ndipo pana mtego.

Ili muuelewe huo mtego, twendeni Sagalla, kilima kile mnachokiona mkiwa mjini Voi. Wakulima wa huko wamesumbuliwa na ndovu wa Tsavo miaka mingi. Usiku mmoja ndovu wanaweza kumaliza mahindi ya msimu. Mtafiti Lucy King, pamoja na shirika la Save the Elephants, alithibitisha jambo ambalo wazee wengi walikuwa wakilijua: ndovu anaogopa nyuki. Kuanzia hapo wakulima wakajenga uzio wa mizinga. Mzinga unaning'inizwa, kisha hatua kumi mbele mwingine, na waya umeiunganisha yote. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Uchunguzi wa miaka mingi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kama robo tatu ya ndovu waliokaribia uzio huo waligeuka na kwenda zao. Na juu ya hayo, asali inauzwa.

Sasa, siri ya uzio huo ni kwamba si kila mzinga una nyuki. Katikati ya mizinga halisi wanatundika vipande vya mbao vyenye umbo na rangi ya mzinga, bure kabisa, havina kitu. Ndovu anavikwepa vilevile. Kwa mkulima hiyo ni heri, kwa sababu inapunguza gharama. Lakini mtazame ndovu mwenyewe: hatajua kamwe kipi kina nyuki na kipi ni ubao mtupu, kwa sababu hakaribii hata kimoja. Kila anapokwepa, hofu yake inapata nguvu zaidi. Na yule msichana aliyekuwa akipita njia ya nyuma alikuwa akifanya hivyo hivyo. Kukwepa kulimpa nafuu ya dakika tano, kukamnyima jibu.

Kwa hiyo Beck na waliomfuata walisema: baada ya kuliuliza wazo maswali, nenda kalipime. Fanya jaribio dogo. Kama unaamini kwamba ukinyoosha mkono darasani watakucheka, nyoosha mara moja uone. Kama unaamini huwezi hesabu, fanya swali moja la hesabu kila jioni kabla ya kuamua. Jambo dogo, la leo, ambalo lina jibu.

Kabla msichana hajafanya jaribio lake, Jumapili alipanda matatu ya Wundanyi. Mnaijua njia ile: Voi joto, Mwatate joto, halafu gari linaanza kupanda kona baada ya kona, na ukifika juu unatafuta sweta. Alikuta nyanya yake anamenya maharagwe. Akakaa chini bila kusema neno.

"Una nini, mjukuu wangu?"

"Sina kitu, nyanya."

"Haya. Hebu niambie hiyo sina kitu inahusu nini."

Akamsimulia yote. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza wala hakumwambia ayaache kwa kuwa ni ya kitoto. Kisha akamuuliza swali ambalo daftari halikuuliza: "Na wewe umemfanyia nini?"

Kimya. Kisha ikatoka polepole. Wiki ile ya kabla ya kwenda sokoni alikuwa amewasimulia wenzake siri ya rafiki yake, jambo la nyumbani kwao, na watu wakacheka. Alikuwa ameshalisahau, au tuseme alilisukuma pembeni ili aweze kujiona yeye ndiye aliyeonewa.

Basi lile wazo la kwanza kabisa, "Amenikasirikia," lilikuwa kweli. Simba walikuwepo. Ila hesabu ilikuwa 35, si 135: rafiki mmoja, hasira moja, kwa sababu moja inayojulikana na inayoweza kusemwa. Hesabu ikishakuwa sahihi, mtu anajua pa kuanzia.

Nyanya akamsimulia walivyofanya Wataita wa zamani. Na hapa narudi kwenye mambo ya kweli, kwa sababu desturi hii imeandikwa. Mwanaanthropolojia kutoka Marekani, Grace Harris, aliishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 akijifunza dini ya wenyeji, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kuihusu, Casting Out Anger. Kiini cha dini ile kilikuwa kutasa. Wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni haibaki humo; inatoka na kudhuru, mtoto anaugua, mifugo inakufa, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Ugonjwa ukiingia nyumbani, mpiga ramli alitafuta ni moyo upi wenye hasira. Aliyetajwa si lazima awe mkosaji. Pengine yeye ndiye aliyekosewa, na hasira yake ilikuwa na haki. Lakini aliombwa aitoe. Alichukua funda la pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochacha, au maji matupu, akalipuliza nje kama manyunyu, na kati ya funda na funda alitamka maneno: anaiacha hasira, na anawatakia watu wake afya na amani.

Leo Wataita wengi ni Wakristo, na wapo Waislamu, na siwaambii mkapulize maji darasani. Lakini naiheshimu sana hekima iliyomo, na ninaamini haijapitwa na wakati. Kwanza, hasira haikukanwa. Mtu hakuambiwa "wewe huna sababu ya kukasirika". Ilikubaliwa kwamba ipo. Pili, ilitolewa kwa sauti, mbele ya watu, si kuzungushwa kichwani usiku kucha. Tatu, pale ilipotoka paliwekwa kitu kingine, dua ya heri, kwa sababu moyo hauachwi mtupu. Beck alikuwa Philadelphia na wazee wa Taita walikuwa milimani kwao, hawakujuana, na wote walijua kwamba kile ambacho mtu hajakisema ndicho kinachomla.

Jumatatu msichana alipita njia yake ya kawaida. Alimkuta rafiki yake langoni. Akamwambia: "Nilisema siri yako. Nimekosa. Nisamehe." Rafiki yake hakumkumbatia. Alisema, "Uliniaibisha sana," akaingia darasani. Siku ya Alhamisi akamwomba rula. Urafiki ulirudi polepole, na haukurudi wote. Lakini usiku wa ile Jumatatu msichana alilala.

Najua mtauliza kama haya yamejaribiwa kwa watoto wa Kenya, si kwa mtoto wa hadithi. Yapo yaliyo karibu nayo. Mkenya Tom Osborn alianzisha taasisi inayoitwa Shamiri, ambayo inawatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuwaongoza wanafunzi walio nyuma yao kidogo. Wanakutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki nne. Wanazungumza kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, hakuumbwa akamalizwa, wanajizoeza kushukuru, wanataja mambo wanayoyathamini na jinsi ya kuyaishi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi. Nusu walipata mafunzo ya Shamiri, nusu walifundishwa mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na la Shamiri likapata zaidi. Linalonivutia mimi ni kwamba waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana ambao juzi tu walikuwa wamevaa sare.

Kuhusu kushukuru nina neno moja. Fanyeni kwa vitu vinavyoshikika. Usiandike "nashukuru kwa familia." Andika kwamba leo kaka alikuachia kipande kikubwa cha kimanga, au kwamba mawingu yalifunika kilele cha Vuria na upepo ukateremka hadi kwenu. Kichwa kilichozoea kutafuta simba kinahitaji kazi ya namna hiyo kila siku ndipo kianze kuona na mengine, na hakitazoea kwa wiki moja. Siku utakayosahau, anza tena kesho yake.

Kuna jambo moja nataka lisichanganywe na haya yote. Yako mambo ambayo si mawazo. Mtu mzima akikupiga, akikugusa vibaya, akikunyima chakula, au wenzako wakikutesa kila siku, tatizo haliko kichwani mwako na daftari haliwezi kulitatua. Vivyo hivyo huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, usingizi na chakula vikakataa, au ukaanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo si tabia ya kubadilisha peke yako. Mwambie mzazi, nyanya, mwalimu, mtu yeyote mzima unayemwamini, na kama wa kwanza hakusikiliza, mwambie wa pili. Na ukikosa wa kumwambia, Kenya ina simu ya watoto: piga 116. Ni bure, na hupokelewa mchana na usiku.